Mama Rasimu: Kalamu Mkononi, Kompyuta Mezani

Ijumaa, tarehe 30 Juni, mhazili wetu mkuu anastaafu baada ya miaka thelathini na miwili katika ofisi hii ya maji. Sisi tunamwita Mama Rasimu, kwa sababu hakuna barua iliyowahi kupita mezani kwake bila kuulizwa rasimu yake iko wapi.

Alianza na taipureta. Kompyuta zilipoingia, aliandika rasimu kwa penseli kama kawaida yake, akaichapa, kisha kwa mazoea akachukua kalamu nyekundu na kusahihisha makosa papo hapo, juu ya kioo cha kompyuta! Fundi alisugua kwa spiriti asubuhi nzima. Tulicheka mpaka mbavu zikauma, naye alicheka kutushinda wote.

Mkurugenzi wa wakati ule hakucheka. Aliagiza karatasi ziondolewe mezani, na asiyeweza kuandika moja kwa moja kwenye kompyuta ahamishiwe stoo. Mama Rasimu alikuwa na watoto watatu shuleni, na jamani, aliogopa. Alijifunza kuchapa mpaka vidole vikaenda vyenyewe. Penseli, hata hivyo, hakuiacha. Aliomba, akapewa, mwezi mmoja wa kufanya kazi kwa njia yake: kufikiri kwenye karatasi, kuchapa kwenye kompyuta, kisha kutoa nakala na kuisoma kwa sauti na mwenzake kabla haijatoka.

Mwenzake nilikuwa mimi. Wiki ya pili tulisoma tangazo la kukatwa maji ambalo ofisi nzima ilikuwa imeshalipitisha kwenye kioo. Lilikuwa limechapwa juu ya faili la zamani, na bado lilitaja mtaa wa soko, wakati maji yangekatwa mtaa wa hospitali. Tulilisahihisha hapo hapo. Hospitali ilipata taarifa mapema, ikajaza matangi yake.

Kesho yake mkurugenzi alikuja mwenyewe, rasimu ya penseli mkononi, akasubiri zamu yake ya kusoma nasi. Habari ya stoo ikaishia hapo. Mpaka leo hapa tunasoma wawili wawili, na wageni wakidhani tunasali, waache wadhani.

Mama Rasimu, umetulea kazini kwa ukali na kwa utani, nasi tunakushukuru kwa vyote viwili. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha na wajukuu watiifu. Kukuaga leo kunatuuma, lakini uchungu zaidi ungekuwa kukuaga mwaka ule wa tishio la stoo, kabla hatujakujua vizuri.