Verna Halvorsrud na Mlango wa Saa Kumi na Moja

Verna Halvorsrud anastaafu Ijumaa, tarehe 30 Mei, baada ya miaka thelathini na mmoja kwenye dirisha la uchaguzi la kaunti yetu. Wakubwa walitaka wasifu huu uandikwe na mtu wa ghorofa ya juu. Verna akasema hapana, aandike Eunice anayefagia. Basi ni mimi. Shule yangu iliishia darasa la nane. Anayetafuta maneno ya sukari akanunue kadi dukani.

Kazi yake ilikuwa kupokea fomu za wanaogombea. Sheria ya jimbo si ndefu: jina lako kama lilivyo kwenye daftari la wapiga kura, sahihi ya wino mbele ya karani, na karatasi iwe mkononi mwake kabla ya saa kumi na moja jioni, siku ya mwisho. Basi. Lakini mngeona watu wazima wenye mashamba na wajukuu wanavyoshindwa! Arvid, mume wa dada yake Verna, alileta fomu aliyoisaini jikoni kwake.

"Verna, mimi ni shemeji yako!"

"Basi saini tena, shemeji, safari hii nikuone."

Kiangazi kile chote dada mtu hakumletea pai yake ya rubabu, ile mboga chachu ya bustanini.

Sasa nisikilizeni, hasa nyie mnaopenda kusema Verna ni mgumu. Miaka minne iliyopita Gordon Pruessner alikuwa mwenyekiti wa bodi ya kaunti, miaka kumi na sita kwenye kiti. Desturi yake siku ya mwisho ilikuwa kukaa mkahawani ng'ambo ya barabara, kikombe mkononi, akiitazama saa ya mnara wetu. Ikibaki dakika moja ndipo avuke taratibu, watu wamwone. Majira ya baridi yale saa ya mnara ilianza kuchelewa dakika sita. Tuliomba fundi mara mbili, na mara mbili Gordon akakataa. "Saa ile inatutosha," alisema.

Siku ya mwisho ilipofika akavuka na fomu yake. Akakuta mlango wa kioo umefungwa. Nilikuwa pale na ufagio wangu.

"Fungua, Verna. Tazama mnara!"

"Mnara ni wako, Gordon. Sheria inafuata saa ya ofisi, nayo nimeilinganisha na redio asubuhi."

"Miaka yote hii hunijui?"

"Nakujua vizuri. Saa ndiyo haikujui."

Uso wake ukawa mwekundu kama kiazisukari kilichomenywa. Akamwambia ahesabu siku zake, maana karani huajiriwa na bodi. Hakuwa anatania. Wiki iliyofuata bodi iliitishwa kumfukuza Verna, mjane, akiwa amebakiza miaka minne kufikia pensheni. Kulikuwa na wenzetu humu waliomnong'oneza aipokee tu ile fomu, yaishe. Siwataji. Mnajijua, na ndoo zenu za taka nazijua.

Ukumbi ulijaa. Verna aliweka kitabu cha sheria mezani na kusema angefunga mlango ule ule, dakika ile ile, hata kesho. Akaketi. Kisha nyuma kabisa akasimama Arvid, kofia mkononi.

"Mimi alinirudisha, na ninakula naye Krismasi," alisema. "Huyu Gordon ni nani?"

Kura tatu kwa mbili, Verna akabaki. Kiti cha Gordon kikaenda kwa Marit Odegaard, dereva wa basi la shule, aliyeleta fomu yake wiki mbili mapema, imenyooka kama shuka ya hospitali.

Verna, asante. Mtu mkubwa na mtu mdogo uliwapimia kwa saa ile ile. Dada yako ameniahidi pai mbili, kwa hiyo deni la kiangazi kile tulisamehe. Nenda kapumzike, kavue samaki, ulale mpaka jua likuchome. Umelipata pumziko lako kwa haki.

Nanyi wengine: sherehe ni saa tisa, chumba cha bodi. Gordon Pruessner amealikwa. Saa ya mnara bado iko nyuma, na saa kumi na moja kamili, kwa saa ya ofisi, mlango nitaufunga mimi.