Wewe Ungefanyaje?

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, waheshimiwa wajumbe, Ndugu Kaimu Meneja wa kiwanda chetu cha kufulia, wakuu wa idara, ndugu wageni waalikwa, wafanyakazi wenzangu mliopanda huku ukumbini, na nyinyi mliobaki chini na mashuka ya hospitali, ambao sauti yangu haiwafikii lakini ngurumo za mashine zenu zinanifikia mimi: nawasalimu nyote. Naomba radhi kwamba nitazungumza nikiwa nimeegemea meza hii. Nimechoka, na leo ndiyo siku yangu ya mwisho kazini, kwa hiyo sioni sababu ya kuficha.

Mshereheshaji amenitambulisha kama kocha wa viongozi. Nyinyi mnaniita Bi Swali, na mlidhani sijui. Kazi yangu hapa imekuwa kukaa na mtu aliyepewa umeneja, kumsikiliza, kumuuliza, kisha kujizuia nisimjibu. Hicho ndicho kilichonichosha. Jibu unalo, liko kwenye ncha ya ulimi, mwenzako anahangaika mbele yako, nawe unakunywa chai polepole kama huna habari. Nikirudi nyumbani, mume wangu akiniuliza chumvi iko wapi, namuuliza, "Wewe unadhani iko wapi?" Ndugu zangu, yule mzee amenivumilia.

Nataka kumsema mtu mmoja. Amekaa safu ya mbele, na ameniruhusu. Kaimu Meneja wetu alikuwa fundi hodari kuliko wote waliowahi kuishika ile mashine kubwa ya kupiga pasi mashuka. Kwa sababu hiyo tukafanya kosa letu la siku zote: tukamvua ovaroli, tukamvika koti, tukampa ofisi yenye dirisha, tukampigia makofi, tukaenda zetu. Nani alimwambia kwamba kazi imebadilika? Hakuna. Basi naye akatia spana kwenye mfuko wa koti, akaendelea kama jana. Mkanda umelegea, anasema, "Nipe hiyo." Mwenzake anaandika barua, "Nipe hiyo." Mkampachika jina la Nipe Hiyo, mkacheka, na mkaacha kufikiri. Hata mtu aliyejua kukaza nati tangu ujana wake alisimama kando, mikono nyuma, akimngoja bosi.

Siku ya kwanza nilipokaa naye hatukumaliza hata sentensi. Mlango ulikuwa unagongwa tu, naye anainuka tu. Mwishowe nikamuuliza, "Usipoamka kesho, mashuka haya yatafuliwa na nani?" Alikasirika. Tukawa tunapishana kwenye ngazi, salamu hakuna.

Kisha mama yake akalazwa, katika hospitali hiyohiyo tunayoifulia. Jioni moja alijiiba kazini akaenda kumwona. Akainama kitandani, akashika pindo la shuka, akaligeuza kuangalia kama pasi imepita vizuri. Mama yake akamwambia, "Mwanangu, umekuja kuniona mimi au umekuja kukagua shuka?"

Kesho yake alikuja kwangu mwenyewe, akafunga mlango. "Bi mkubwa," akasema, "sijui kuacha." Mama yule hakurudi tena nyumbani, Mungu amrehemu. Niliumia, na hadi leo nikiliona shuka jeupe limekunjwa namkumbuka.

Hapo ndipo tulipoanza. Zoezi lilikuwa moja: mtu akileta tatizo, muulize, "Wewe ungefanyaje?" kisha funga mdomo. Kuuliza ni rahisi. Kufunga mdomo ndiyo kazi. Alianza na dada anayelisha mashuka kwenye ile mashine. Dada akamtazama juu hadi chini, akamjibu, "Bosi, kwani wewe umesahau?" Uvumi ukazagaa kwamba mvuke wa boila umempiga meneja kichwani, ufundi wote umemtoka. Akaja kwangu akilalamika, "Unaniharibia jina." Nikamuuliza jina lipi. Alicheka, kwa mara ya kwanza. Na dada yule, taratibu, akaanza kujibu, kwanza kwa woga, baadaye kwa...

Subirini kidogo.

Mmesikia? Sakafu imetulia. Ile mashine ya pasi imesimama.

Naona vichwa vyote vimegeukia safu ya mbele. Mheshimiwa Mwenyekiti, hata wewe. Na sote tunajua kwamba nikimaliza mimi, utasimama utangaze kama huyu anathibitishwa au tunatafutiwa mwingine. Naona pia mkono umeingia mfukoni mwa koti. Ndugu Kaimu Meneja, sikwambii kitu. Swali langu unalijua.

Wakati tunangoja, niseme lililo moyoni. Nasikia nafasi yangu haitajazwa, na kwamba mameneja watakuwa wanapelekwa semina, wanarudi na vyeti vyenye fremu. Semina ni nzuri, nami nimekula biskuti zake. Lakini je, semina ingemfahamu mama yake? Ingeujua huo mkono ulioko mfukoni sasa hivi, na unatafuta nini? Mtu hazoei kuongoza kwa kuambiwa mara moja. Anahitaji mtu wa kumrudia, wiki baada ya wiki, amwone akishindwa, asimdharau na asimsaidie. Mimi nimefika mwisho wa nguvu zangu. Naomba tu nisiwe wa mwisho.

Bado kimya huko chini. Nami, nawaambia ukweli, naogopa. Shuka likibaki kwenye chuma cha moto linaungua, na harufu itatufikia. Kijasho kinamtoka, mnakiona. Mkono umetoka mfukoni, mtupu, uko juu ya goti.

Hajainuka.

Haya. Imeanza. Msipige makofi, tafadhali, niisikilize.

Inaguruma tofauti kidogo, mnasikia? Nzito zaidi. Dada yetu wa kulisha mashuka ameikaza nati ya mkanda kwa njia yake, na hakuna aliyekuja kugonga mlango huu. Mheshimiwa Mwenyekiti, tangazo ni lako; nimekaa hapa muda mrefu bila kumpa mtu jibu, sitaanza leo na wewe. Nawashukuru mlionifungulia milango yenu nikiwa kero, namshukuru mzee wangu kwa chumvi aliyoitafuta mwenyewe, nawashukuru nyote kwa kuwa na subira ya kunisikiliza hadi hapa.

Na wewe wa safu ya mbele, najua umeisikia hiyo sauti, na najua nati ile usingeikaza hivyo.

Kaa tu, mwanangu.