Mama Kaswera na Makaa ya Jirani

Jumamosi tarehe 29 Juni 2024, Mama Ernestine Kaswera anaweka nyundo chini. Amejitolea miaka ishirini na miwili hapa Goma, tangu volkano ya 2002, akiongoza ekipe yetu inayowajengea nyumba za mbao watu waliounguziwa makazi na lava. Wenye diploma waliogopa kuandika habari zake, basi nikapewa mimi, mpiga misumari bora kuliko wote mjini. Asiyeamini aje aone kidole gumba changu.

Mama alitoka Butembo kuuza maharagwe. Volkano ilipolipuka, aliyapika yote kwa ajili ya waliolala nje, na biashara ikaishia sufuriani. Ndipo akashika nyundo. Aliishika vibaya, na mpaka leo anaishika vibaya.

Lava iliporudi 2021 ikafunika mtaa wa Buhene, kila mtu alikuwa na haraka. Josias wetu alisimamisha nyumba juu ya mawe yaliyokuwa bado na joto ndani, mishumaa ya mwenye nyumba ikapinda yenyewe. Tangu siku hiyo Mama alipima joto la mawe kwa njia yake: anatandika kitenge, anakaa juu ya jiwe, anaanza hadithi ya Butembo. Akisimama katikati ya hadithi, tunarudi nyumbani. Hadithi ikifika mwisho, tunajenga. Na hadithi zake, wote mnazijua, hazina haraka. Hakuna mshumaa uliopinda tena.

Alituwekea pia desturi. Nyumba ikiisha, haifungwi kufuli kwanza. Mwenye nyumba anakwenda kwa jirani kuomba makaa ya moto, anawasha mbabula yake, lile jiko la makaa, tunakunywa chai humo ndani. Mama alisema nyumba ipate jirani kabla ya kupata kufuli.

Lava hiyohiyo ya 2021 ilichukua nyumba ya Mama. Kila zamu yake ya kujengewa ilipofika, alimpa mwingine, nasi tukaitikia, maana kubishana naye ni kazi kuliko kujenga. Machi mwaka huu, alipokwenda Butembo kumwona binti yake Rosine, tukamjengea kimya kimya kwenye kiwanja chake. Nyumba kali. Dirisha nimeliweka mimi.

Aliporudi, tulimpeleka huku tukisubiri acheze kwa furaha. Alizunguka, akapapasa mbao, akasifu hata misumari yangu, hapo nikaogopa. Kisha akatuambia magoti yamekataa kutembea juu ya mawe ya lava, na Rosine ameshamtengenezea chumba.

“Nyumba iko muzuri, watoto wangu,” akasema. “Mulichelewa tu.”

Akamwita Dorine, jirani aliyekuwa bado anaishi chini ya turubai na wanawe, akamwambia aingie. Makaa alikwenda kuyaomba Mama mwenyewe. Akawasha moto katika nyumba iliyokuwa yake, akamimina chai, akamwachia Dorine kufuli.

Mama, tungekuletea makaa mpaka Butembo, lakini barabara ni ndefu, yangezimika kabla ya Rutshuru. Tunawaomba majirani wa Rosine wakupe ya kwao. Asante kwa kila ukuta, na kwa kila zamu uliyoitoa tukaiacha ipite. Ukae vizuri huko, magoti yapumzike, na kila hadithi utakayoianza ifike mwisho bila wewe kusimama.