Angetile na Ndege ya Mchana

Kijiwe cha Muksini kiko ng'ambo ya stendi ya Kyela, ubavuni mwa banda la kutengenezea baiskeli, ubao mrefu tu juu ya mawe mawili. Pale kila jambo la dunia lina mtaalamu wake. Njoo na habari ya vita, utamkuta jenerali; njoo na ugonjwa, daktari yupo na hajawahi kukosea. Asubuhi hiyo Angetile, ambaye kijiweni wanamwita Kokoa kwa sababu ya shamba lake, alifika na begi la safari. Simuni mwake mlikuwa na tiketi ya ndege ya kwenda Dar es Salaam kumwona mwanawe Lugano; alikuwa amepigiwa simu kwamba kijana amelazwa. Gari la kumpeleka uwanja wa Songwe lingemfuata hapo hapo. Naye, kabla hata ya kukaa vizuri, alishatangaza kwamba haendi.

— Sipandi. Kwa ile ya jana, sipandi ng'o.

— Ipi tena? aliuliza Muksini, akimmiminia kahawa.

Ile ya jana ilikuwa mchezo wa zamani wa televisheni, wa rangi nyeusi na nyeupe, ulioonyeshwa kwenye kibanda cha video nyuma ya soko, na sauti ya mtafsiri wa Kiswahili ikipiga kelele juu yake. Angetile hakuwa mtu wa vibanda vya video. Alikwenda kwa sababu nyumbani palimshinda. Mkewe alikuwa akimtazama kila simu ilipolia.

— Kuna jamaa, alieleza, anaogopa ndege kuliko nyoka. Kapanda hivyo hivyo, kafumba macho. Akifumbua, kiti cha mbele kitupu. Anamwita mhudumu: dada, aliyekaa hapa yuko wapi? Mhudumu anacheka, anamwambia kiti hicho kiko wazi tangu tulipoondoka. Anafumba tena. Akifumbua, wamepungua wengine. Mwisho kabaki peke yake.

— Halafu?

— Halafu umeme ukakatika.

Hapo ndipo alipowapa watu kazi. Ukitaka kijiwe kishindwe kulala, kipe hadithi isiyo na mwisho.

Aliko, fundi baiskeli, ndiye Injinia wa kijiwe. Hajawahi kuigusa ndege hata kwa fimbo.

— Hayo ni mambo ya uzito tu, alisema. Ndege ikifika juu sana inakuwa nzito. Chini ya viti kuna mlango. Rubani anabonyeza, anapunguza mzigo kidogo kidogo. Wanaanza na wanene.

— Acha kamba, Injinia! Muksini alimkatiza. Wale hawakuwa watu. Babu yangu alitoka pwani, haya mambo tunayajua. Kampuni ikikosa abiria inakodi majini wajaze viti, ndege ionekane ina wateja. Wakifika angani, kazi yao imekwisha, wanashuka zao.

— Wanashukaje?

— Jini anauliza ngazi?

Watu walicheka, lakini hawakucheka sana. Angetile aliliona hilo. Siku nyingine kicheko cha kijiwe hiki kilisikika mpaka kwenye maduka ya mchele. Leo kilikatika mapema, kila mtu akaangalia kikombe chake.

— Mimi nasema ni unyakuo, alisema Andrea.

Andrea ni mzee wa kanisa, ndiyo maana wanamwita Askofu. Alikuwa amevaa koti jeusi, na joto la Kyela linajulikana. Lilikuwa koti lake la kupelekea watu makaburini. Angetile alilitazama koti hilo mara moja, akageuza uso upande wa stendi.

— Wema wamechukuliwa, Askofu aliendelea. Kabaki mwenye dhambi na mkanda wake kaufunga.

— Na mhudumu je? Naye mwenye dhambi?

— Mhudumu alikuwa kazini, Injinia. Kazini hunyakuliwi.

— Hapana, hapana! Injinia alisimama na bisibisi mkononi. Mmekosea wote. Ndege imejaa vilevile! Anayepungua ni huyo jamaa mwenyewe. Wenzake wanaendelea kula biskuti, yeye kashatoka kwenye ndege yao, yuko kwenye ndege nyingine isiyo na watu. Na hajui.

Hakuna aliyecheka. Injinia mwenyewe alikaa polepole, kama mtu aliyesema neno lisilofaa msibani.

— Unaona? alisema Angetile. Ndiyo maana sipandi.

— Utapanda tu, Kokoa, alisema Askofu. Nitakwenda na wewe mpaka Songwe.

— Mbona jana hukusema unanisindikiza?

— Nimesema leo.

Angetile alitoa hela ya kahawa. Muksini, ambaye hajawahi kumsamehe mtu hata kashata iliyovunjika, aliusukuma mkono wake.

— Wacha bwana. Leo wacha.

Angetile alibaki na hela mkononi. Alitamani Muksini aipokee ile hela, amdai na ya juzi, amtukane kidogo.

Wakati huo akapita mama mmoja, Tusekile, mfinyanzi wa kijiji cha Ikombe, na vyungu vyake kichwani. Alikuwa mgeni pale. Alivitua, akapiga goti kidogo, akawaamkia wazee kwa Kinyakyusa.

— Mugonile, tata.

— Ndaga, waliitikia.

— Naomba nipumzike kivulini. Mzee anasafiri?

— Anakwenda Dar kwa ndege, alidakia Injinia haraka. Kumwona mwanawe, anaumwa. Ila anaogopa majini ya Muksini.

— Kwa ndege! alishangaa Tusekile. Nani kamkatia?

— Wafanyakazi wenzake mwanangu wamechanga, alisema Angetile. Ya kwenda tu. Kurudi wamesema usafiri utakuwepo.

Tusekile aliacha kujipepea. Halafu akauliza, bila ubaya wowote, kama mama yeyote angeuliza:

— Na kijana mwenyewe umeongea naye, tata? Amesemaje?

Muksini aliinamisha dele la kahawa juu ya kikombe. Halikutoa hata tone. Injinia alianza kukaza skrubu ya baiskeli isiyokuwa na mwenyewe. Askofu alijipangusa jasho kwa mkono wa koti. Wataalamu wote wa dunia walikuwa pale, na swali lile halikuwa na mtaalamu.

Ilimuuma Angetile kuwaona hivyo. Walikuwa wamemdanganya asubuhi nzima kwa upendo, naye alikuwa amewasaidia.

Noah ya Anyelwisye, dereva wa kumpeleka Songwe, ilisimama mbele yao, ikapiga honi.

— Twende, Kokoa, alisema Askofu kwa sauti ndogo. Ndege haisubiri mtu.

— Ndege siiogopi, Andrea.

Hakuwa amemwita kwa jina lake miaka mingi.

— Siiogopi hata kidogo. Ila inafika haraka mno. Jua litakuwa bado liko juu, nami nimeshafika. Basi linalala njiani. Nikienda kwa basi, mpaka kesho Lugano bado anaumwa.

Tusekile alijifunika uso kwa khanga. Askofu alivua lile koti jeusi, akalikunja ndani nje na kulibana kwapani. Akalibeba begi la Angetile, akamwambia Anyelwisye arudishe gari, wakavuka barabara kwenda stendi.

— Dar mbili, alimwambia mkata tiketi. Mzee akae dirishani. Anakwenda kumwona mgonjwa.