Mama Konokono na Habari ya Kurudiwa

“Mama mkubwa, tunamuua mzee!” Ndivyo mtoto wa kwanza wa marehemu anavyonipigia kelele asubuhi hii hapa sebuleni, mimi naandika wasifu wa kusomwa mazishini, mchapaji anasubiri. “Jana kalia kutwa, na kila akiambiwa mama kafa ni kama ndiyo kwanza anasikia. Abaki chumbani. Tukazike, turudi.”

“Baba yako hafichwi siku ya kumzika mkewe. Mama yako aliacha agizo.”

“Agizo la konokono!”

“Hilo hilo la konokono. Kaa chini nikusomee mama yako alikuwa nani, maana naona umemsahau kabla ya baba yako.”

Dada yake kacheka huku machozi yanamtoka. Basi nasoma.

Marehemu mdogo wangu alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, kitinda mimba. Siku hiyo mvua ilinyesha mpaka mkunga akaja amekalia mlango wa jirani, anapiga kasia kwa mwiko. Anayebisha akamuulize mkunga, naye ameshatangulia. Nilikuwa na miaka minane. Nikapewa mtoto nimbebe, shule ikanipita. Sijuti. Mgongo huu ulisomesha.

Alianza shule ya msingi mwaka 1958. Nilimdanganya kwamba konokono huvua magamba na kucheza ngoma watu wasipowaona. Wenzake wangecheka, yeye akaenda kuwachungulia ukutani nyuma ya jiko. Akamgusa mmoja pembe, konokono akazirudisha ndani. Akamgusa tena, polepole, na tena, mpaka konokono akaona huu usumbufu wa bure, akaziacha nje. Mtoto akaja mbio: “Dada, kajifunza kwamba mimi si mtu mbaya!” Nikamwambia, “Mfundishe na kuosha vyombo, atusaidie.” Mimi nilicheka nikasahau. Yeye hakusahau. Alimaliza sekondari mwaka 1969, akahitimu chuo kikuu mwaka 1974, akapata uzamivu mwaka 1983.

Tangu 1975 hadi alipostaafu mwaka 2013 alifanya kazi kwenye maabara ya chuo, chumba chenye baridi na matangi ya maji ya chumvi yanayonguruma mchana kutwa. Humo mlikuwa na konokono wa baharini, mmoja mkubwa kama mkate, na naapa alinikonyeza. Wafanyakazi wote walimwita Mama Konokono, naye aliitika. Aliwashtua konokono kidogo mkiani kwa umeme, kisha akaangalia woga wao unadumu muda gani. Akimshtua mmoja mara moja, haukupita muda amesahau. Akimshtua mara kadhaa, na kila baada ya mshtuko akamwacha apumzike, alikumbuka kwa wiki nzima na zaidi. Kazi hii waliifanya wengi duniani, naye alikuwa mmoja wao, tena hodari.

Nilimuuliza kumbukumbu inakaa wapi. Akanieleza kwamba seli za neva hazigusani; kati yao pana uwazi mwembamba, na mahali hapo panaitwa sinapsi. Seli moja humwaga kemikali, mwenzake huipokea. Jambo likitokea mara moja, seli humwaga nyingi kuliko kawaida, ujumbe ukavuka kwa nguvu, halafu mambo yakarudi yalivyokuwa. Jambo likirudiwa na kupewa nafasi ya kutulia, seli hutengeneza protini mpya na kuotesha sinapsi nyingine. Nikasema, “Kumbe kwanza jirani anapaza sauti juu ya ukuta, akizoea, anatoboa mlango.” Akasema milango ni mingi, niache ubahili.

Alifunga ndoa tarehe 14 Agosti 1976 na fundi redio aliyeletwa kutengeneza mashine ya kusikilizia neva. Fundi akaunganisha waya, spika ikaanza kulia ta-ta-ta. Akainua kichwa, akamwambia mdogo wangu: “Dada, huyu konokono ana stesheni yake!” Naye alicheka mpaka akakalia beseni la maji. Waliishi vizuri. Waligombana, ndiyo, hasa kuhusu bisibisi zilizokutwa kwenye droo ya vijiko, lakini sikuwahi kumwona hata mmoja akila kabla ya mwenzake.

Miaka sita iliyopita mume alianza kusahau. Mwaka jana mke naye akakutwa na saratani ya ini. Kitandani hakuulizia dawa wala kaburi. Hofu yake ilikuwa moja. Alituita mimi na bintiye akasema, “Nikifa, msimfiche, na msimwambie kwa mkupuo. Mkalisheni pale pale, mwambieni maneno yale yale, mshikeni mkono alie. Kisha mwacheni apumzike. Baadaye tena.” Nikamuuliza kama itashika. Mtu wa kazi yake hasemi uongo. Wa uongo ni mimi. Alisema, “Sijui, dada. Konokono wangu walikuwa wazima. Ugonjwa wake unakula hizo hizo sinapsi. Lakini asije akanisubiri mlangoni akidhani nimemtupa.”

Alifariki Jumanne, tarehe 12 Septemba 2023, alfajiri, bintiye akiwa kando yake. Tangu siku hiyo binti amemkalisha baba yake kwenye kiti cha dirishani na kumwambia, “Mama amefariki. Hakukuacha kwa hiari. Tupo.” Mzee analia, analala kidogo, anaamka anauliza mwenzake kaenda wapi. Jana jioni pia aliuliza. Ndiyo maana kaka mtu amechoka, na simlaumu. Kumwona baba akifiwa upya kila siku si mchezo. Ila agizo ni agizo.

Pumzika, mdogo wangu. Ulitupa kazi ngumu na hatujaitupa.

Ameacha watoto wawili, mkwe mmoja, wajukuu watano, dada mmoja mwenye mdomo mrefu, wanafunzi wengi ambao sasa ni walimu, na mume wake, ambaye…

Mlango umefunguliwa. Ni mzee mwenyewe, kanyoa, mashati mawili kavaa pamoja. Sote tunangoja aulize lile swali.

Amekuja taratibu, akavuta kiti, akaketi karibu yangu na kuitazama karatasi.

“Shemeji,” kasema, “umefika wapi kumwandika marehemu?”