Wasifu wa Milcah Njambi, Aliyepokea Simu za Waliokwama

Milcah Njambi alizaliwa tarehe 3 Juni 1984 huko Ruthimitu, akiwa mtoto wa pili wa marehemu Mzee Mbuthia na Mama Veronicah Wanjugu. Mtoto wa kwanza ni huyu Mungai anayewasomea. Familia ilimchagua kusoma kwa sababu ana sauti kubwa. Haikumchagua kwa kuwa anaelewa mambo kuliko wengine, na hilo mtaliona wenyewe tukiendelea.

Njambi alisoma Shule ya Msingi ya Ruthimitu kuanzia mwaka wa 1991 hadi 1998. Alipokuwa na miaka kumi na miwili, kuku wetu waliugua, na afisa wa mifugo akatuletea dawa yenye karatasi ya maelezo. Karatasi ilisema dawa itumike kwa njia ya kinywa kulingana na uzani wa kiumbe. Baba aliisoma mara mbili, akamwambia afisa, "Nimeelewa, daktari, asante sana." Afisa alipotoka getini, baba alikaa juu ya ndoo akiitazama ile chupa. Njambi alimkimbilia afisa barabarani, akamuuliza maswali mpaka mzee wa watu akachoka, kisha akarudi na kuandika kwa makaa kwenye mlango wa banda: "Kifuniko kimoja, ndoo moja ya maji, asubuhi kabla hawajala." Kuku walipona. Baba alimuuliza kwa nini alimsumbua mgeni hivyo, naye akamjibu, "Baba, wewe ulielewa, ama ulikuwa unamheshimu tu?"

Swali hilo alitembea nalo maisha yake yote. Alituuliza sisi, aliwauliza walimu wake wa sekondari kule Kikuyu, na mara moja, Mungu amsamehe, alimuuliza padri baada ya mahubiri. Alimaliza kidato cha nne mwaka wa 2002, akasomea kompyuta katika chuo kimoja katikati ya jiji, na akahitimu stashahada mwaka wa 2006.

Tarehe 12 Desemba 2009 alifunga ndoa na Mwaura, fundi wa mabomba, wa hapa Mutuini. Kutoka kwetu hadi hapa ni karibu sana, hata mbuzi wa mahari walikuja kwetu kwa miguu. Mwaura ameturuhusu kusema kwamba alipotaka kumposa, alimtumia ujumbe mrefu wa simu wenye maneno kama "uhusiano wenye mwelekeo wa kudumu na manufaa kwa pande zote." Njambi alimpigia papo hapo. "Mwaura, ulitaka nini hasa?" Mwaura akasema, "Nilitaka kukuoa." Njambi akamwambia, "Si ungesema hivyo tu." Walijaliwa binti mmoja, Ciru, aliyezaliwa mwaka wa 2012.

Sasa tunafika kwenye kazi, na hapa naomba mnivumilie.

Tangu mwaka wa 2016 Njambi alifanya kazi katika ofisi moja ya kompyuta pale Upper Hill. Kila asubuhi alitoka hapa amevaa vizuri, na jioni akarudi amechoka, na sisi tukasema anafanya "mambo ya kompyuta." Kwa miaka tisa hakuna aliyeuliza zaidi ya hapo. Ila mama yetu, tulipokaa kwa mkutano wa kwanza wa kamati ya mazishi, alisema mbele ya watu wote, "Mimi sitazika mtoto ambaye sijui alikuwa anafanya nini. Niambieni kazi yake." Tulitazamana. Mwaura alisema hufundisha. Mimi nilisema hutengeneza. Shangazi mmoja alisema yuko benki.

Ilivyo desturi, tuliomba ofisi ituletee aya ya kazi ya marehemu. Iko kwenye ukurasa wa nne wa karatasi mlizo nazo, na inasema: "Marehemu aliwezesha uambikaji wa hoja bayana kwenye violesura dhahania, hivyo kuchochea urejeshaji wa thamani tegemezi katika mazingira changamano." Iliposomwa kwenye mkutano, wazee wote walitikisa vichwa wakasema sawa sawa, vizuri sana. Mwenyekiti wa kamati aliniinamia akaninong'oneza, "Hiyo ni sifa ama ni kesi?" Nikamwambia ni sifa. Sikuwa na hakika, na hata leo sina.

Wakati huohuo simu ya Njambi ilikuwa mikononi mwangu ili niwajulishe rafiki zake, na haikuwa ikinyamaza. Watu nisiowajua walipiga kutoka Westlands, kutoka Kawangware, wengine kutoka mjini. Hawakuuliza hali. Mmoja aliniambia tu, "Imekataa kurudisha." Mwingine aliniuliza hoja bayana ni nini, nikamwambia hapa ni matanga, akakata. Nilidhani ni matapeli. Mwaura alidhani ni watu waliokuwa wakimdai Njambi pesa. Nilitaka kuizima kabisa, lakini mama aliichukua akaiweka kwenye mfuko wa aproni yake.

Jumatatu kabla ya maombi ya jioni alikuja Navin, aliyefanya kazi na Njambi kwa miaka hiyo yote. Mama alimkalisha jikoni, akampa chai, akamwonyesha ile aya ya ofisi. "Kijana wangu, hii ni wewe uliandika?" Navin akasema ndiyo. "Haya, nieleze." Navin alianza vizuri. Alisema ofisi yao ilitunga lugha ya kompyuta, yaani maneno ambayo mtu anaandika ili kompyuta ifanye analotaka, na kwamba lugha hiyo ina mwongozo wake wa Kiswahili ili wenye maduka na wanafunzi wajifunze wenyewe. Hapo tulikuwa pamoja. Kisha akafika kwenye violesura dhahania, akasimama, akarudi nyuma, akaanza upya, akatoka jasho.

"Mama, niseme ukweli," akasema mwishowe. "Hayo maneno niliyatoa kwa mwongozo. Hata mimi siyaelewi vizuri. Waliouandika walitaka uonekane wa kisomi. Watu wakasoma, wakakwama, wakaanza kulalamika. Njambi aliomba auandike upya, wakubwa wakakataa, wakasema lugha yake ni ya sokoni. Badala yake wakaweka nambari yake ya simu chini ya kila ukurasa, kwa maelezo zaidi."

Hapo simu ikalia mfukoni mwa mama. Aliipokea, akaweka sauti ya nje kwa bahati mbaya, kwa hivyo sote tulisikia.

"Niaje Njambi? Ni Taranjit, wa duka ya spea. Hii kitu imenichanganya tena. Nimesoma hiyo ukurasa yote, sijaona kitu."

Mama alitutazama. Kisha akasema yale maneno ambayo alikuwa ameyasikia kwa miaka, Njambi akimenya viazi na simu begani, naye mama akidhani binti yake anaongea na marafiki.

"Kwanza niambie, wewe ulitaka ifanye nini?"

"Nilitaka tu ihesabu spea zenye zimebaki kwa shelfu. Lakini inaniletea namba kubwa, ni kama inahesabu hata zenye nimeuza."

"Na wewe uliiambia nini?"

"Niliiambia ihesabu zote... Aa. Ngoja. Niliiambia zote. Sikuiambia iache zile zimeuzwa." Tulisikia vidole vikigonga, kisha mtu akicheka peke yake. "Imekubali! Njambi, wewe ni noma. Na sauti yako leo, uko na homa? Kunywa kitu moto. Asante sana."

Akakata kabla mama hajamwambia. Mama alibaki na simu mkononi, machozi yakimtoka, na alikuwa anatabasamu.

"Kumbe ni hiyo tu?" alimuuliza Navin. "Watu wanakwama, wanampigia, anawauliza walitaka nini mpaka wanajionea wenyewe kosa liko wapi?"

"Ni hiyo tu, Mama. Na ofisini hakuna mwingine angeweza."

"Basi mwandike hivyo."

Karatasi zilikuwa zimeshachapishwa, na mwenyekiti alikataa tuwakosee heshima watu wa ofisi kwa kuzitupa. Kwa hivyo ukurasa wa nne mbaki nao, na kazi ya Njambi msikie kwangu: watu walisoma maneno makubwa wakajiona wajinga, naye alipokea simu zao mpaka wakajua kwamba hawakuwa wajinga.

Njambi alianza kuugua Februari mwaka huu, kwa maumivu ya tumbo. Uvimbe ulipogunduliwa, daktari alimweleza kwa maneno yake ya kidaktari. Njambi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia, "Daktari, mama yangu ako hapo nje. Niambie vile utamwambia yeye." Daktari alivuta kiti, akamwambia umeenea, na kwamba wangejitahidi asiumie. Njambi alimshukuru, na alipotoka alitueleza sisi kwa maneno hayohayo. Iliuma sana, lakini hatukutoka hapo tukibahatisha. Hata wodini alipokea simu. Muuguzi alipomkemea, alimwambia, "Sista, dakika moja, huyu ako na mtihani kesho." Alitutoka asubuhi ya Alhamisi, tarehe 9 Oktoba 2025, Mwaura akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume wake Mwaura, binti yake Ciru, mama yake Veronicah Wanjugu, na kaka yake Mungai. Ameacha pia watu wengi waliohifadhi nambari yake, ambao majina yao hatuyajui. Bwana Taranjit yuko hapa leo, pale nyuma karibu na hema. Alipopata habari alikuja kumwomba mama msamaha, na mama alimwambia hana kosa lolote, simu yake ndiyo iliyomfundisha kazi ya binti yake.

Nambari ya Njambi haitafungwa. Navin ameahidi kuulizia tena habari ya kuandika mwongozo upya, na sisi tutamkumbusha. Kwa sasa anayekwama apige tu, mama atapokea. Hajui kompyuta, ila swali analijua.

Njambi, dada yangu, lala kwa amani mbele za Mungu wako. Tumekuelewa sasa, na hatusemi hivyo kwa heshima tu.