Mchango wa Makohozi

Sogeeni karibu, wajukuu zangu, nyamazeni, na mwenye kukohoa akohoe sasa. Palikuwa na benchi nje ya kibanda cha fundi cherehani, waliyemwita Sindano kwa wembamba wake. Asubuhi hiyo kahawa ilikuwa bado inafuka, na Sindano ameshika kikopo cha hospitali, kile cha kutemea makohozi ya kupimwa. Kikohozi kilikuwa kimemganda. Akikutwa na kifua kikuu, binti yake angemwondoa mjukuu anayelala naye kitanda kimoja, na mtoto yule ndiye roho yake.

— Usiteme humo, fundi! alisema Profesa, aliyepewa jina hilo kwa kusoma magazeti ya kufungia misumari. Wadudu hao wanafugwa kule maabara. Wanalishwa mpaka wanone!

— Wa nini? Wanauzwa? aliuliza Mbavu, mpagazi mwenye kifua kama mlango.

— Tena wana ukoo, bwana. Wengine wanajikalia majini, wengine udongoni, wala hawana neno na mtu. Mashine ya maabara ikimwona binamu yao asiye na hatia, inakutaja wewe.

— Mashine ile inaona mpaka ndoto, Mbavu akakoleza. Jirani yangu ilimwambia ana mke wa pili.

— Sasa nifanyeje, ndugu zangu?

— Wape mate tu hao wa maabara, akasema Profesa.

— Niliwapa jana. Mama wa maabara akasema, "Baba, nataka ya kifuani, haya ni ya mdomoni."

Mbavu akajipiga kifua.

— Ya kifuani nitakupa mimi. Safi, ya mtu mwenye afya!

— Na mimi natia, akasema Profesa. Kidole kimoja hakivunji chawa. Tukichanganya, mdudu atapotea njia.

— Atapotea kweli?

— Wengi wape!

Kikopo kikazunguka. Sindano naye akatia kidogo, kwa adabu, asionekane bahili, kisha akakipeleka maabara. Usiku ule alimlaza mjukuu kifuani, moyo mweupe.

Majibu yalipotoka, mama wa maabara alikuja mwenyewe, akamwita fundi pembeni. Wale wawili wakajisogeza bila kuitwa.

— Baba, vimelea vimeonekana. Usiogope, dawa ipo na unapona.

— Si vyangu, mama! Sindano akaropoka. Tulichanga!

— Mimi nilitia kidogo tu! Mbavu akaruka.

— Mimi langu lilikuwa povu, akasema Profesa.

Mama yule akawatazama mmoja mmoja.

— Basi mgonjwa ni nani kati yenu?

 Sindano alikuwa anamwona mtoto tu akilini, pua yake ndogo imeegemea shingoni mwa babu.

Wakapewa vikopo vitatu, kila mtu na chake, wakakohoa kila mmoja kivyake. Na urithi uligawanyika hivi: Sindano alirithi vidonge. Mbavu alirithi vidonge vilevile, na kimya. Profesa alirithi uzima, akakosa wa kumsikiliza. Na mjukuu, aliyepimwa akakutwa salama, alirithi kitanda kizima peke yake, akalia usiku kucha akimtaka babu.